Msiba wa Injini ya Mpwa Wangu

Mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, alikuja Ifakara na gari jekundu la milango miwili mwaka ambao mpunga ulikubali hadi watu wakakosa magunia. Ilikuwa miaka ya tisini, magari yaliyotumika Japani yalipoanza kuingia nchini kwa wingi. Yeye alikuwa karani huko Dar es Salaam, na alikuwa akiweka akiba tangu aajiriwe. Angeweza kununua pikapu. Angeweza hata kununua mashine ya kukoboa mpunga, akaniachia niisimamie. Akanunua gari la mbio.

Mimi nilikuwa katekista wa kigango upande wa Lumemo. Namshukuru Mungu kwamba sijawahi kumiliki chombo cha moto. Baiskeli ilinitosha, na nikiwa na safari ya mbali, kama ya Mchombe, nilidandia lori la mpunga na kusali njia nzima. Kwa hiyo gari lile lilipoingia uani kwangu sikujua niseme nini. Lilikuwa chini mno. Nilipotaka kumpa mkono mpwa wangu dirishani, ilinibidi nipige goti.

"Shikamoo, Mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja umelala?"

"Ndivyo linavyokaliwa, Mjomba. Linakata upepo."

Upepo sijui, lakini barabara ndiyo iliyolikata lenyewe. Kuanzia Mang'ula alikuwa akisimama kwenye kila shimo, anashuka, anachungulia, kisha anaomba wapita njia wamsaidie kulivusha. Watu wa Mang'ula wamezoea kuona wageni wa hifadhi wakishuka garini kutazama nyani, wakadhani naye anatafuta mnyama.

Jioni hiyo alinionyesha karatasi iliyofungwa kwenye nailoni kama cheti cha ubatizo. Ilikuwa waranti. Muuzaji wa gari alikuwa ameidhamini injini kwa miezi sita: ikifa ndani ya muda huo, anatoa nyingine bure.

"Hata ikifa kwa mapenzi ya Mungu?" nikauliza.

"Hata hivyo. Isipokuwa mtu akishindana nayo mbio tu. Hapo hawatoi kitu."

Nikaona ni sharti la busara. Nikamwambia ashukuru, maana sisi wanadamu tumetumwa duniani bila hata wiki moja ya dhamana.

Asubuhi mke wangu alikuja na akina mama wa jumuiya. Kwetu kitu kipya hakipitishwi mbele za watu kikiwa uchi. Bibi harusi hufunikwa, mtoto mchanga hufunikwa, hata kengele mpya ya kigango ilifunikwa siku ilipoletwa. Wakalivisha gari kanga. Moja juu ya boneti, nyingine mbili wakazifunga puani, kuanzia taa hadi taa, na kwa kuwa wale ni wanawake wanaofunga mizigo ya kuni ifike nyumbani bila kudondosha kijiti, walifunga kweli kweli. Mpwa wangu alisogea, akanong'ona.

"Mjomba, hapo mbele ndipo linapopumulia."

"Mwambie mama yako huyo hapo."

Akamtazama mke wangu, ambaye alikuwa anapiga vigelegele huku machozi yanamtoka kwa sababu dada yangu hakuishi kuiona siku ile. Akarudi mlangoni mwa gari. Nani angeivua heshima ile? Nasi tukakubaliana kwamba tutalizungusha gari taratibu mpaka kigangoni, tusali, basi.

Hapo ndipo alipotokea mtani wangu.

Mtani wangu alikuwa Mngoni, msafirishaji wa mpunga na samaki, mwenye pikapu iliyopoteza mlango mmoja kwenye matope ya masika. Kwa msomaji asiyekulia kwenye utani: mtu huyu anaweza kuniambia lolote mbele ya watu, nami sina ruhusa ya kukasirika. Nikikasirika nitatozwa kuku. Alilizunguka gari lile akiwa ameshika kiuno.

"Wapogoro mmenishinda," akasema. "Kobe amekanyagwa na tembo, nanyi mmemvika kanga mkamwita gari!"

"Kobe huyu anakwenda mwendo usioujua," mpwa wangu akajibu. Kosa la kwanza. Mtani hajibiwi na kijana.

"Mwendo? Kwa kutoka Mang'ula kesho ufike keshokutwa? Pikapu yangu hii, na mlango wake mmoja, naiendesha kwa mkono wa kushoto huku nakula muhogo, na bado utakula vumbi."

"Wapi?"

"Uwanja wa ndege. Leo hakuna ndege."

Nilisema hapana. Nakumbuka nilisema hapana mara kadhaa, na kila nikisema, nilikuta tumesogea karibu zaidi na uwanja wa ndege. Umati ulikuwa umeshatangulia. Mlinzi wa uwanja, muumini wa kigango chetu, alikuwa tayari anafukuza mbuzi.

"Mjomba, panda," mpwa wangu akasema. "Ukiwemo ndani hayatakuwa mashindano. Itakuwa ni sala tu, ya mwendo kasi."

Nikapanda. Nadhani niliamini kwamba uzito wangu ungempunguza.

Gari lilipoondoka, mgongo wangu ulibaki kwenye kiti na roho yangu ikabaki kwa mlinzi na mbuzi. Nilitoa rozari. Kwa kawaida mafumbo matano hunichukua njia yote ya kutoka nyumbani hadi kanisani. Siku ile nilifika Kalvari, fumbo la mwisho, kabla hatujafika katikati ya uwanja. Upande wa kulia niliona pikapu ya mtani ikirukaruka, naye kweli ana muhogo mkononi. Mbele yangu, kwenye vile visahani vya vioo, niliona mshale mmoja mdogo unapanda, unapanda, unaingia kwenye rangi nyekundu. Nikadhani ndio unaopima ushindi.

"Vizuri, mwanangu!" nikapaza sauti. "Umefika mwisho!"

Mpwa wangu akautazama. "Yesu wangu!" akasema, na hiyo ndiyo sala pekee aliyosali siku ile.

Palitokea mlio kama sufuria lenye mawe, halafu mvuke, halafu kimya. Pikapu ikatupita. Mtani alipunga muhogo. Kanga za mke wangu zilikuwa zimevutwa na upepo zikaganda puani mwa gari kama plasta, na moja ilikuwa imenyonywa ndani na kuungua ukingoni. Fundi wa karibu na stesheni aliitwa, akafungua boneti, akanusa, akafunga tena kwa upole.

"Imenoki," alisema. "Injini imekufa. Poleni sana."

Mpwa wangu alikaa chini kwenye nyasi. Akiba yake yote ya ujana ilikuwa imelala mbele yake inatoa moshi. Akaja usiku huo huo kunieleza alichoamua: angepiga simu kwa muuzaji, adai injini nyingine.

"Na lile sharti?"

"Mjomba, tulikuwa tunakwenda kusali. Si ulikuwa na rozari?"

Nilijua swali hilo litarudi likiwa limevaa suti.

Likarudi kwa treni. Muuzaji alimtuma mkaguzi wake, mtu mpole mwenye mkoba na miwani, ambaye alinipa shikamoo kabla hata hajatua mzigo. Gari tulikuwa tumeshalisukuma mpaka uani kwangu, likakaa kivulini. Mkaguzi alivua koti, akajilaza chini ya gari, akatoka na kipande cha kanga kilichoungua. Akakigeuzageuza.

"Hii ni sehemu ya gari?"

"Ni heshima," mke wangu akajibu, akitegemea kwamba hilo linatosha.

Mkaguzi akaandika. Kisha akamgeukia mpwa wangu. "Sasa niambie. Ilikufa wapi, na mlikuwa mnafanya nini?"

Mpwa wangu alikuwa amefungua kinywa tu, pakasikika kilio njiani. Kilio kikubwa, cha msibani. Tukageuka. Mtani wangu alikuwa anakuja amejipaka majivu usoni, amejifunga jani la mgomba kiunoni, anaburuta miguu. Watani ndivyo wanavyofanya penye msiba: huja kulia uongo ili wenye msiba wasilie ukweli. Akajitupa juu ya boneti.

"Uuuwi! Marehemu umetuacha! Injini ya watu! Nani atanikimbiza tena uwanja wa ndege? Tulianza sawa, ukanitangulia mpaka kwenye kile kichuguu cha kando ya uwanja, nikasema leo Mngoni nimekwisha! Nikameza muhogo bila kutafuna! Kumbe wenzako wamekuziba pua kwa kanga! Wapogoro wauaji! Na katekista akiwa ndani anakusomea sala za mwisho!"

Uani pote watu walikuwa wameshika mbavu. Mpwa wangu alikuwa amegeuka rangi.

"Ni mtani, mheshimiwa," akamwambia mkaguzi haraka. "Mtani wa mjomba. Anatania."

"Naona," mkaguzi akasema, naye anacheka, akavua miwani akaifuta. "Hata kwetu wapo. Maneno ya mtani siyaandiki. Hakuna ofisi itakayoyapokea."

Nikaona neema aliyoiona mpwa wangu. Jambo lote lilikuwa limesemwa, tena kwa sauti ya kusikika mpaka ng'ambo ya mto, na bado halikusemwa. Kalamu haikusogea. Mtani mwenyewe aliinua uso wake wa majivu akanitazama, naye akaelewa siri aliyokuwa ameitoa bila kukusudia. Akalia kwa nguvu zaidi ili isionekane.

Ndipo mkaguzi akanigeukia mimi. "Mzee, kwenye simu mpwa wako alisema wewe ni mwalimu wa dini, na ulikuwemo garini. Utakachosema wewe nitakiandika, na sitamuuliza mwingine. Palikuwa na mashindano?"

Mpwa wangu alinitazama. Alikuwa na macho ya dada yangu. Hilo ndilo lililonitesa, kwa sababu dada yangu naye alikuwa na namna hiyo ya kuomba bila kusema. Nikafikiri juu ya injini, ambayo sikujua hata inakaa upande gani. Nikafikiri juu ya watoto wa komunyo ya kwanza waliokuwa wamepanda ukuta wa jirani kusikiliza, wale ambao Jumamosi tu nilikuwa nimewafundisha amri ya nane, ile ya kutosema uongo, nikawachapa wawili kwa kuisahau.

"Mheshimiwa," nikasema, "katika yote aliyosema mtani wangu, cha uongo ni machozi tu."

Mtani akaacha kulia katikati ya "uwi".

"Walishindana?"

"Walishindana. Nilikuwemo. Tulikuwa tunaongoza mpaka kichuguu."

"Mjomba!" mpwa wangu akasema. Halafu, kwa kuwa ujana ni ujana, akaongeza kwa sauti ndogo, "Tulikuwa tunaongoza mpaka baada ya kichuguu."

Mkaguzi akaandika kwa muda mrefu, kisha akafunga kalamu. Alisema anasikitika, injini haitalipwa. Alisema pia kwamba kwa miaka aliyofanya kazi ile amekagua magari yaliyokufa kwenye mashindano, na yote, kwa maelezo ya wenyewe, yalikuwa yanapeleka wagonjwa hospitali.

Treni ya kurudi ilikuwa kesho yake, kwa hiyo alilala kwetu. Mke wangu alimpikia wali na perege, akampakulia kama vile ameleta injini. Mpwa wangu hakula. Alikaa nje na gari lake. Mkaguzi alinawa mikono, akamfuata, nami nikasikia sauti yake ikieleza jambo kwa subira: kwamba gari lile lina ndugu, gari la kawaida la teksi la kiwanda hicho hicho, na injini ya ndugu huyo huingia bila ugomvi. Si ya mbio, alisema. Lakini zipo nyingi Dar, na fundi mwenye akili ataifunga. Alimwelekeza aende kwa nani.

Mpwa wangu alirudi kazini Dar, na mwezi uliofuata akaja kwa treni na injini. Aliyeibeba kutoka stesheni alikuwa mtani wangu, kwenye pikapu yake, bure. Nilipomshukuru alinikemea.

"Mtani akishalia msiba lazima na kaburi achimbe. Ondoa shukrani zako hapo, Mpogoro, kabla sijakutoza kuku."

Fundi wa stesheni aliifunga. Mpwa wangu alikuwa bado ananiamkia kwa adabu na kunijibu kwa maneno machache. Sikumlaumu. Nilimwombea, na nilijiombea mwenyewe, maana ukweli nao una gharama, na safari hii nilikuwa nimelipia kwa mfuko wa mtoto wa dada yangu. Kwa hiyo wakati wote huo nilikuwa namshikia fundi taa, nampasia spana, nakosea, naambiwa, "Siyo hiyo, katekista." Siku moja nilimpasia iliyo sahihi. Mpwa wangu akacheka, akajizuia, akashindwa.

Siku ya kuondoka aliiwasha. Ilinguruma kama mashine ya kusaga iliyoshiba. Gari jekundu lilitetemeka lote, likajikokota mpaka langoni, na nikapiga goti tena kumpa mkono dirishani.

"Mjomba," akasema, "huko Dar watu wakilisikia linavyolia wataniuliza lina injini gani. Niwajibu nini?"

Nikafungua kinywa.

"Najua," akasema. "Najua, Mjomba. Usiseme."

Akaondoka. Watoto wa komunyo ya kwanza walimsindikiza mpaka barabara kuu wakitembea kando ya dirisha, wakizungumza naye njia nzima, na hakuna aliyelazimika kukimbia.