Disketi Zilizonukia Uunsi

Mwanangu, kila nikisikia kijana analalamika kwamba intaneti inasuasua, mimi hukumbuka siku moja hapa Garissa, miaka ya tisini ikielekea mwisho, nikiwa mwalimu mgeni wa kazi katika shule ya wasichana.

Tulikuwa na kompyuta moja tu, kuukuu, tuliyopewa na watu wa msaada. Programu mpya ziliilemea zote. Mkuu wa shule, mtu wa bara asiyependa vitu vinavyokaa bure, akasema isipofanya kazi kufikia Ijumaa itapakiwa kwenye lori la vitabu irudi Nairobi. Wasichana wetu hawakuwa na nyingine ya kujifunzia.

Mwenzangu Fardosa hakubishana. Alipanda basi hadi Nairobi, akaomba kiti katika ofisi ya rafiki yake yenye intaneti ya laini ya simu, akapakua Linux, programu ya kuendesha kompyuta ambayo yeyote aliruhusiwa kuichukua bure, na isiyobagua mashine za zamani. Ilijaa disketi nyingi, vile vibapa vya plastiki vya kuhifadhia data. Laini ikikatika, anaanza upya. Mimi ningeshatupa kila kitu dirishani, kwa hivyo namstahi mpaka leo.

Kisha akanichekesha. Kila disketi aliitengenezea pacha. Seti moja akaja nayo mwenyewe kwa basi, ya pili akampa shangazi yake, Eeddo Habiba, aliyekuwa akirudi Garissa kwa lori la mifugo baada ya kuuza ng'ombe huko Nairobi.

"Babangu akituma habari malishoni hutuma watu wawili, njia mbili," aliniambia. "Mmoja akikwama, habari inafika."

Nikamwambia hizi ni disketi, si habari za ngamia aliyepotea.

Ijumaa ikafika, Eeddo bado yuko njiani. Fardosa akaingiza disketi zake moja moja, hadi moja ikagoma kusomeka. Joto la basi lilikuwa limeiua, na bila hiyo nyingine zote hazikuwa na maana. Nje, dereva wa lori la vitabu alikuwa amekwisha kuwasha injini. Mkuu akaja kuchomoa nyaya, Fardosa akasimama mbele ya mashine.

"Mwalimu, tafadhali, tumsubiri Eeddo."

Nilimwonea huruma, nikidhani yamekwisha. Mara Eeddo huyo mlangoni, vumbi mwili mzima, kikapu mkononi, na chumba kizima kikanukia uunsi, ule ubani wa kufukizia wa Wasomali. Mkuu akashika kichwa.

"Mama, umezitia disketi moshi?"

"Hapana!" Eeddo akajibu kwa Kiswahili chake cha Kisomali. "Mimi nafukiza kikabu bekee, kama sisi nafukiza chombo ya maziwa, maziwa hapana haribika. Moshi ikaisha, ndio naweka hiyo fitu. Halafu nafunika, jua hapana ona."

Fardosa akachukua disketi pacha ya ile mbovu, akaiingiza. Mashine ikanguruma, ikasoma, ikaendelea na zilizobaki hadi Linux ikafanya kazi. Wasichana waliokuwa wakichungulia dirishani wakapiga vigelegele, nami nikalia mbele ya watu. Mkuu alitoka mwenyewe kumwambia dereva aende zake.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukibeba jambo la watu wengi, litafutie njia ya pili mapema, hata wakikucheka kama nilivyocheka mimi. Na ukikutana na mtu anayetunza asichokielewa kwa uangalifu uleule anaotunzia maziwa ya wanawe, mheshimu sana. Eeddo Habiba hakuwahi kujua Linux ni nini. Alijua tu kwamba Fardosa anaihitaji, na hilo lilimtosha.

Mungu akufungulie njia yako, mwanangu, na siku itakapokwama, akuletee Eeddo kwa njia ya pili.