Kadi Niliyoingojea Kama Fagia ya Toi

Ipo siku moja ambayo haijanitoka akilini, mwanangu, na wala haikuwa siku ya ajabu. Ilikuwa Jumanne, Soko la Toi hapa Nairobi limejaa matope ya mvua ya asubuhi, nami nimekaa juu ya bale, robota la mitumba, nyuma ya kibanda cha shangazi yangu, simu mkononi, natabasamu peke yangu. Bei ya kitu nilichokihitaji ilikuwa imeshuka tena. Ilikuwa imeshuka wiki iliyotangulia, na wiki ya kabla ya hiyo, na kila iliposhuka nilijiona mjanja kwa kuwa sijanunua.

Juzi uliniuliza, pale mlangoni kwangu Soweto East, Kibera, kama ununue kadi ya graphics sasa au ungoje, maana bei zinaanguka. Nilikuambia nitakujibu nikipata nafasi. Jibu ndilo hili. Ni refu kidogo, kwa hiyo kaa chini. Mnaniita mzee ilhali katiba yetu inasema ujana unaishia miaka thelathini na mitano, nami mstari huo nimeuvuka majuzi tu. Lakini katika kazi hii ya kompyuta mtu akiota mvi kidevuni tayari ni babu. Sikatai, kwani uzee wa kupewa nao ni uzee.

Siku hizo nilikuwa nachora nyumba ambazo hazijajengwa. Mtu ana ploti yake Kawangware, amepangisha vyumba vya mabati, sasa anataka kubomoa ajenge ghorofa. Fundi anampa ramani ya mistari ambayo haielewi. Mimi naigeuza mistari ile kuwa picha yenye milango, madirisha na hata kivuli cha ukuta, mpaka mwenyewe anaonyesha kwa kidole mahali atakapoweka kiti chake. Kazi hiyo haiendi bila kadi ya graphics, kile kifaa kinachokaa ndani ya kompyuta na kuichorea picha. Yangu ilikuwa imeungua. Stima ya kwetu Kibera ilikuwa ikija na kuondoka ipendavyo, na siku moja ilirudi na nguvu za kupita kiasi, nikasikia harufu. Tangu hapo kompyuta ilikuwa ikianza kuchora inagoma katikati.

Bahati, au niliyodhani ni bahati, kadi zilikuwa zinashuka bei. Huko duniani kulikuwa na watu walionunua kadi hizi kwa wingi wakichimbia sarafu za mtandaoni, kadi zikipiga hesabu usiku na mchana. Biashara yao ilipoharibika wakazimwaga sokoni, zikafika mpaka Nairobi, mitumba kama mitumba mingine. Muuzaji mmoja wa mjini aitwaye Swaleh alikuwa akiweka bei mpya kwenye WhatsApp kila Jumatatu. Kila Jumatatu ilikuwa chini kuliko iliyopita.

Hapo ndipo malezi yangu yaliponiponza. Mimi nimelelewa Toi. Shangazi yangu, ambaye tulimwita Waya kama Wajaluo tunavyowaita shangazi zetu, alinilea kwa kuuza mashati ya mitumba. Mtoto wa Toi hujua jambo moja kabla ya kujua kusoma. Bale likifunguliwa asubuhi, nguo nzuri zinazotoka kwanza huitwa kamera, na kamera haina mchezo wa bei. Saa sita bei imelegea. Jioni zilizobaki hurundikwa chini, hiyo ndiyo fagia, na fagia unachukua kwa bei ya maandazi. Sisi tulikua tukivaa fagia. Kununua kitu asubuhi tuliona ni kazi ya watu wa mbali waliopotea njia wakaingia sokoni. Basi nikaitazama kadi ile kama ninavyotazama shati. Nikasema moyoni, jioni haijafika.

Waswahili wamesema subira yavuta heri, na nilikuwa nikilitaja neno hilo kwa raha kabisa. Methali ni kama mashahidi, mwanangu. Kila mtu huita yule atakayemtetea.

Sasa, kulikuwa na mama mmoja wa Kawangware, upande wa kuelekea Riruta Satellite, akiitwa Mama Njeri. Mumewe alikuwa amemwachia ploti yenye vyumba vya mabati, na watoto wanne, wote watu wazima. Kifungua mimba, Kamau, alikuwa amepata mnunuzi wa ile ploti. Wadogo zake walikuwa wakielekea kumkubalia. Mama mwenyewe hakutaka kuuza. Alitaka wajenge kidogo kidogo, kila mtoto awe na mlango wake. Alikuwa amewaambia mara nyingi hata akachoka. Ndiyo akanitafuta, akanilipa nusu kabla, akaniambia hivi:

"Mimi nikiongea wananiona tu nimezeeka. Lakini wakiona na macho yao, wataelewa. Kila mtoto mpe mlango. Ya Kamau uiweke green."

Pesa ya kadi, basi, nilikuwa nayo. Sikuikosa hata siku moja. Alikuwa akinipigia simu, nami namwambia picha inakuja. Sikuwa nadanganya, kwa sababu niliamini inakuja, tena nitaichora na kadi niliyoipata kwa bei ya kutupa, na chenji itanibakia.

Jumanne ile ninayokusimulia, alikuja Toi mwenyewe. Nilimwona akikanyaga matope kwa uangalifu, viatu vyake vya kanisani mkononi, miguuni malapa. Akamsalimia Waya, wakaulizana habari za soko na za mvua kama watu wanaojuana. Kisha akaniangalia.

"Odhiambo, picha yangu iko?"

"Bado kidogo, Mama Njeri. Ile kadi bei inateremka. Next week naichukua, hapo kazi ni siku moja tu."

Hakugomba. Afadhali angegomba. Alikaa juu ya bale lililokuwa karibu yangu, akafikiri.

"Next week ni sawa," akasema. "Ni vile Kamau amesongesha mkutano wetu wa ile ploti. Itakuwa hii Jumapili, tukitoka kanisa. Mnunuzi anataka jibu." Akainuka, akajipangusa sketi. "Lakini usijali. Kama haiko, nitaongea tu na mdomo."

Akatushukuru, sijui kwa lipi, akaenda zake akichagua pa kukanyaga.

Waya alivuta rundo lake karibu. Alikuwa akikunja mashati, naye alikuwa na mikunjo yake, kola juu, mikono nyuma, ukimwona hivyo ujue anapanga maneno. Mimi nilirudi kwenye simu. Nikajifanya nasoma.

"Nyathina," akaniita, yaani mwanangu. "Yule kijana wa jana, wa interview. Aliniambia nini?"

"Alisema atarudi jioni achukue shati kwa fagia."

"Na mimi nikamwambia?"

"Achukue sasa."

"Kwa nini? Si mimi ndiye niliwafunza mngoje jioni?"

"Kwa sababu interview yake ilikuwa jana hiyohiyo mchana."

Akaliweka shati chini. "Fagia ni ya mtu hana mahali pa kwenda. Mimi nimeuza hapa miaka mingi, sijawahi ambia mtu ana interview angoje jioni, hata kama najua bei itaanguka. Sasa huyu mama ako na mahali anaenda Jumapili. Wewe unangoja jioni ya nani?"

Nilikuwa na majibu mengi. Ningemwambia kwamba kompyuta si nguo, kwamba yeye hajui soko la kadi. Lakini soko alilijua. Mimi ndiye niliyejifunza nusu ya somo lake, ile nusu ya bei, nikaiacha nusu ya mtu anayenunua. Niliona aibu, mwanangu, na nakuambia wazi kwamba iliniuma zaidi kwa kuwa hakupaza sauti. Wazee husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mguu wangu ulikuwa bado mzima, ila ungevunjika ule wa Mama Njeri.

Kesho yake nikaenda mjini kwa Swaleh. Sasa sikiliza jinsi shetani anavyoweza kupita kwenye mdomo wa mtu mwaminifu. Nilipomwonyesha kadi ninayoitaka, Swaleh alikuna kichwa, akaninong'oneza kama rafiki.

"Buda, nakushow tu kama msee wangu. Ngoja Monday. Kuna mzigo inaingia, hii itaanguka vibaya."

"Najua," nikamwambia. "Nifungie."

Lakini sikuinunua kwa upofu. Nilimwomba aiweke kwenye kompyuta yake, aitwishe kazi nzito mbele ya macho yangu, nasi tukaagiza chai. Chai haijaisha, feni yake ikaanza kukwaruza kama sufuria inayoburutwa sakafuni, na skrini ikazimika. Hiyo ilikuwa imechimba sarafu mpaka ikachimba kaburi lake. Akanipa nyingine, ikafanya kazi mpaka vikombe vikapoa, kimya. Nikaichukua hiyo. Rahisi hugeuka ghali, na kukubali bei ya leo si kukubali kuuziwa takataka.

Nikachora. Mama Njeri aliitaka picha kubwa, nikaipeleka kuchapishwa Kawangware, nikamfikishia Jumamosi. Akaniomba Jumapili nije niwaeleze watoto wake. Nikaja. Walikuwa wamekaa uani kati ya vyumba vya mabati, kwenye viti vya plastiki vya kukodi, nguo za wapangaji zimeanikwa juu yao. Picha ikalazwa mezani, pembe zikashikiliwa kwa vikombe.

Nilieleza ngazi, nikaeleza tangi la maji. Sidhani kuna aliyenisikia. Kila mmoja alikuwa akitafuta mlango wake. Kamau alitazama kwa muda mrefu, mikono mfukoni.

"Hii ya green ni ya nani?"

"Ni yako," mama yake akamwambia.

"Kwa nini green?"

"Si baiskeli yako ilikuwa green? Ile ulikuwa unalala nayo kwa nyumba."

Kamau aliinama akaugusa ule mlango kwa kidole. Mwisho akatoa simu, akatoka nje ya geti. Tulimsikia akimwambia mtu kwamba samahani, familia imebadilisha mawazo, na kwamba si mambo ya bei. Mama Njeri alimimina chai kama hakusikia.

Jumatatu yake, bei ya kadi ilianguka. Swaleh hakuwa amekosea. Ilianguka kuliko wiki zote zilizotangulia, ya aina yangu ileile, nikaona ningebaki na pesa ya kodi ya nyumba. Roho iliniuma kweli, sitajifanya malaika. Nikapeleka uchungu wangu Toi, nikamwonyesha Waya ile bei kwenye simu, nikitaka anipe pole.

Aliitazama akiwa ameinyoosha mbali kidogo, kwa kuwa macho yake yalishaanza kuchoka. Akanirudishia.

"Ni bei poa," akasema. "Sasa nenda ununue hiyo, halafu urudi nayo Jumapili ya jana."

Akaendelea kukunja mashati yake.

Nyumba ile ipo mpaka leo. Ina ghorofa tatu, ya nne haijajengwa na pengine haitajengwa. Binti mmoja alimwachia dada yake mlango wake akahamia Nakuru. Mlango wa Kamau ni kijani, ingawa si kijani nilichochora, mafundi ni mafundi. Mama Njeri anakaa chini, anatoza kodi mwenyewe. Kadi yangu ilifanya kazi miaka kadhaa, kisha ikafa kifo cha kawaida, na siku hizi naitumia kuzuia karatasi zisipeperuke mezani. Umeishika wewe mwenyewe juzi ukiuliza ni ya nini.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, maana najua vijana mnataka neno mlibebe mwende. Bei za vifaa hivi zitashuka. Zilishuka jana na zitashuka ukiwa tayari umenunua, wala usidhani kuna siku utakayofika chini kabisa ukute ubao umeandikwa hapa ndipo mwisho. Kwa hiyo usiulize bei itafika wapi. Jiulize ni nani anakungoja. Ikiwa hakuna, ikiwa ni hamu tu, au mchezo, au kazi unayoiota na haijakupigia simu, basi ngoja bila haya. Fagia si dhambi, mimi nimesomeshwa nayo. Lakini siku mtu akikuambia ana mahali pa kwenda Jumapili, jioni yako imeshafika, nunua kwa bei ya siku hiyo. Kadi yenyewe itwishe kazi kwanza, uione ikitoka jasho mbele yako, ndipo ulipe. Na ukishalipa, acha kufuatilia bei. Wahenga walisema mvumilivu hula mbivu, na watu wa Toi wakaongeza kwamba akizidi hula mbovu, nao pia ni wahenga kwa njia yao.

Uliniambia kuna mwalimu wa chekechea hapo Kawangware anayekungoja umtengenezee katuni za kufundishia watoto, na shule zinafunguliwa karibuni. Ulilitaja kama jambo la kupita tu, ukarudi kwenye habari za bei. Mimi nilisikia hilo zaidi ya mengine yote.

Haya, inuka uende mjini mvua haijaanza. Mungu akujalie usikose watu wa kukungoja, na akupe miguu ya kuwafikia kabla hawajachoka.