Nani Anamfuata Dada

Dada yangu alipoanza kulalamika kwamba kuna mtu anamfuata, nilimcheka. Nilimwambia kwa umri wake, na kwa harufu ya gundi aliyokuwa akirudi nayo nyumbani, mwanamume wa kumfuata labda awe na mafua makali.

Hakucheka. "Endelea na utani wako," alisema. "Mimi namsikia. Nikitembea anatembea, nikisimama anasimama. Nikigeuka, peupe."

Dada alikuwa fundi wa kubandika soli kwenye karakana ya viatu. Wenzake walimwita Bi Safi, na jina lilimfaa kweli, maana kiatu kilichopita mikononi mwake hakikuwa na tone la gundi lililozidi wala hakikurudishwa na mteja. Adui yake alikuwa vumbi. Aliamini chembe moja tu ikitua kwenye gundi mbichi, soli itaachia. Kwa hiyo kila asubuhi, kabla hata ya kuvaa aproni, alifunga madirisha yote kisha akaziba nyufa kwa matambara. Wenzake walimtania kwamba siku moja atawafungia na pumzi, lakini hakuna aliyefungua. Kazi ilikuwa inatoka safi, na kila mtu aliringa nayo.

Kopo la gundi lilishinda wazi mezani. Kando yake lilikaa bakuli la tina, yale maji makali ya kuyeyushia gundi. Kazi ikiisha, wote walichovya mikono humo na kusugua mpaka ikapauka. Kwao huko ndiko kunawa.

Siku moja nilimpelekea funguo za nyumba. Nilipofika mlangoni tu, kichwa kikaanza kuzunguka.

"Mnavutaje hewa hii?" nilimuuliza.

"Hewa gani? Mbona hakuna harufu?"

Na hakuwa ananidanganya. Walikuwa wameshaizoea, hawainusi tena. Wote waliinama juu ya viatu kimya kimya, macho yamelegea, mfano wa watu wanaosikiliza kitu ambacho mimi sikisikii. Binti yake, ambaye dada mwenyewe ndiye aliyemwombea kazi na kumkalisha ubavuni pake, alinipungia mkono. Aliupunga taratibu mno. Nilitupa funguo mezani nikatoka, na sioni haya kusema kwamba niliogopa.

Kwa kuwa dada hakuacha kulalamika, nikaamua kumkamata huyo mtu. Alipotoka kazini nilimwacha atangulie, nami nikafuata kwa mbali, nikipita kando ya ukuta mrefu wa maghala ambako hapakuwa na nyumba wala uchochoro wa mtu kujificha. Nilimsikia. Pa. Pa. Pa. Mtu anapiga nyayo chini, nzito, nyuma kidogo ya hatua za dada. Mbele yangu alikuwapo dada peke yake.

Dada akasimama, na sauti ikasimama. Akageuka, akaniona, akanong'ona, "Umemsikia?"

Nilikuwa nimeshatazama chini. Mguu wake wa kushoto haukuwa na ndala; ilikuwa imebaki nyuma kabisa, karibu na geti la karakana. Alikuwa ametembea pekupeku juu ya kokoto njia yote ile, unyayo umechanika na damu inatoka.

"Dada, tembea kidogo," nilimwambia.

Akatembea. Vidole havikunyanyuka. Aliinua goti juu, na sehemu ya mbele ya mguu ikaanguka chini yenyewe: pa. Alijitazama miguu kwa muda mrefu, kama anatazama ya mtu mwingine.

"Ni mimi," alisema.

Hospitali tulikwenda watatu, maana binti hakukubali kubaki nyumbani. Daktari, mama mmoja asiyependa maneno mengi, alimgonga dada chini ya goti kwa kinyundo. Mguu ulining'inia tu. Akauliza habari za kazi, na dada akaeleza yote, hata yale matambara aliyaeleza kwa fahari.

"Hicho kiyeyusho kinapanda hewani mchana kutwa," daktari alisema. "Mnakivuta, na mkinawa nacho kinapenya ngozi. Kinakula mishipa ya fahamu, kinaanzia miguuni kwa sababu mishipa ya huko ndiyo mirefu. Fungueni madirisha, wekeni feni ya kutoa hewa nje, kopo lifunikwe, mikono ivalishwe glavu na ioshwe kwa sabuni. Na pua msiiamini. Ikizoea, haitawaambia kitu."

"Na vumbi je?" dada aliuliza.

"Vumbi utalifuta, mama."

"Nitapona?"

"Acha kukivuta leo leo. Kwanza hali itazidi kidogo, usishtuke. Halafu mishipa itaanza kurudi polepole. Si lazima irudi yote."

Dada alitikisa kichwa kukubali. Nilidhani atalia kwa ajili ya miguu yake, lakini alikuwa ameshamgeukia binti. "Mpime na huyu," alisema. "Mimi ndiye niliyemwingiza mle. Nakuomba."

"Mama naye!" binti akacheka. "Mimi mzima kabisa. Hata kucheza nacheza."

"Kaa hapa," daktari alimwambia. "Vua viatu, fumba macho. Nikigusa kidole, sema ni kipi."

Binti akakaa, akafumba macho huku akitabasamu. Daktari akashika kidole kidogo cha mguu wa kulia. Akahamia kidole gumba, akakibana. Akaenda mguu wa pili, akabana tena, safari hii mpaka ukucha ukawa mweupe. Dada alinikamata mkono kwa nguvu.

"Haya, daktari," binti alisema, macho yamefumbwa, bado anatabasamu. "Niko tayari. Anza."