Kofi Lililoonyeshwa Mara Tatu

Kazi ya Gunia ilikuwa kupigwa. Kwa miaka kumi na tisa alipigwa ngumi, mateke, chupa na mikanda katika video za nyimbo ambazo nusu yazo hakuwahi kuyajua maneno yake. Alisukumwa ngazini, akaburutwa juu ya kokoto, akazamishwa kichwa ndani ya pipa la maji huku msanii akiimba kuhusu macho ya mpenzi wake. Kila msanii aliyetaka kuonekana dume alitafutiwa Gunia. Uso wake hakuna aliyeujua. Kamera ilipenda kisogo chake, mgongo wake, na ule mkono unaokakamaa sakafuni kabla ya kulegea.

Zamani alikuwa bondia. Alishinda mapambano manne, akapoteza kumi na moja, na ni katika hayo kumi na moja ndimo alimopata ufundi: kutoa pumzi kabla ngumi haijafika tumboni, kuanguka kwa bega badala ya kiwiko, kutema damu mbali na shati la mwenzake. Pua yake ililalia upande. Hakuoa. Aliishi chumba cha nyuma katika nyumba ya dada yake mkubwa, mjane, fundi cherehani wa sare za shule. Dada huyo alikuwa na binti mmoja mwenye alama nyeusi kidevuni, na nyumba nzima ilimwita Kidoti.

Kidoti alipotimiza miaka ishirini na mbili alisema amechoka kutia vifungo kwenye mashati ya watoto wa watu. Alitaka kuonekana. Mjomba wake hakumkatisha tamaa. Alimsimamisha uani, akamfundisha kupigwa kofi.

"Shingo yako iondoke kabla ya mkono," alimwambia. "Kidogo tu, kama kope. Mkono upite hewani, wewe uwe umeshageuka. Wimbo hauna mlio wa kofi, kwa hiyo shingo ndiyo inayosema."

Kisha akampeleka mwenyewe kwa muongozaji.

Video ilitoka saa tisa alasiri siku ya Jumamosi. Fundi alikuwa amefunika cherehani kwa shuka, akapanga viti, akaita wanawake sita wa jirani. Televisheni iliwekwa juu ya meza ya kukatia vitambaa. Gunia alisimama nyuma karibu na mlango, mahali alipozoea.

Msanii alikuwa Kipanga, yule ambaye wimbo wake mmoja ulikuwa umetosha kujaza uwanja. Alivaa suti nyeupe. Chumba kilikuwa cha bluu tupu, ukuta, zulia na pazia, na katikati yake gauni la Kidoti la njano liliwaka kama taa iliyosahauliwa. Kulikuwa na kioo kirefu ukutani. Kipanga akaimba kuhusu kusalitiwa, akazunguka, akafika kwenye kiitikio, akainua mkono. Kofi likaonyeshwa kwa mwendo wa polepole: kutoka nyuma ya bega lake, kutoka ubavuni, na kutoka ndani ya kioo. Shavu la Kidoti lilitikisika kama maji ndani ya beseni.

"Haya mama, mtoto kawa nyota wa filamu!" jirani mmoja alipiga makofi. "Ona machozi, kama bomba limepasuka!"

"Mimi kofi hilo nimelisikia kwenye fizi," alisema mwingine, na wote wakacheka.

Fundi alilia kwa furaha, akaomba irudiwe. Walipoirudia mara ya nne, mtu akaweka kipindi cha yule kijana anayechambua video kwenye mtandao, anayejiita Daktari wa Video. Alikuwa ameshatoa uchambuzi wake, mwepesi kama kawaida.

"Wapenzi wangu, tuangalie rangi," alisema Daktari, kidole kimesimama. "Bluu ni ubaridi wa moyo. Njano ni usaliti. Lakini kofi! Kwa nini mara tatu? La kwanza ni jana, la pili ni leo, la tatu, lile la kwenye kioo, ni kesho. Huyu siye mwanamke anayepigwa. Ni kumbukumbu inayopigwa!"

"Maneno hayo!" jirani akasema. "Kumbe tumeona vitu vikubwa."

Gunia naye alikuwa ameona. Kofi la uongo lina upande mmoja tu. Ukiliangalia kutoka nyuma ya bega, mkono unafunika nafasi iliyo kati yake na shavu, na jicho linaamini. Ukiliangalia kutoka ubavuni, ile nafasi inaonekana wazi, na kila mtu anajua ni mchezo. Hakuna muongozaji mwenye akili anayeweka kamera ubavuni mwa kofi la uongo. Huyu aliweka ubavuni, kisha akaweka na kioo. Na shingo ya Kidoti haikuondoka mapema hata kope moja. Ilisubiri. Mkono ukafika, nyama ikasogea, mfupa ukafuata.

Kisha akaangalia hereni ya Kidoti. Katika kofi la kwanza ilikuwepo. Katika la pili haikuwepo. Katika la tatu, la kesho ya Daktari, ndewe ya sikio ilikuwa na kitone chekundu ambacho mrekebishaji wa rangi za video alikuwa amejaribu kukififisha, hakuweza.

Kidoti alikuwa uani anaosha vikombe. Gunia akamwendea kutoka kushoto, akasimama hatua mbili.

"Kidoti," alisema kwa sauti ya chini.

Hakugeuka.

"Kidoti, una nyuki begani."

Alisuuza kikombe, akakipindua juu ya sinia. Gunia akazunguka mpaka kulia kwake.

"Walikupiga mara ngapi?"

"Shikamoo kwanza, Mjomba. Mbona unanitokea kama mwizi?"

"Marahaba. Mara ngapi?"

"Leo ni siku yangu. Usiniharibie."

"Nimeuliza."

Alikausha mikono kwa kanga, kidole kimoja kimoja. "Kumi na moja. Muongozaji alisema shingo yangu inakimbia. Akasema nitulie, nimwachie. Na Kipanga si mbaya, Mjomba, kila mara alisema pole. Barafu aliniletea mwenyewe."

"Na sikio?"

"Linavuma tu. Litaacha." Akajaribu kucheka. "Sehemu ya pili ni Alhamisi. Wamenipa sura yote, wimbo mzima ni mimi. Humo napigwa mkanda, lakini amesema atapiga kwa kipimo."

"Huendi."

"Mjomba, mimi sikutokea mgongo tu. Watu wameona uso wangu."

Dada yake Gunia alikuwa amesimama mlangoni na birika mkononi. Haikujulikana amesikia kiasi gani.

"Wivu huo," alisema. "Miaka kumi na tisa unapigwa na hakuna anayekujua hata sokoni. Mtoto kapigwa siku moja, mji mzima unamtaja."

"Dada, ni kofi la kweli. Kumi na moja. Hasikii upande mmoja."

Fundi alilitua birika chini. Aliangalia shavu la binti yake, kisha akaangalia kaka yake, na alipozungumza sauti ilikuwa imekauka.

"Kofi la kweli. Kwani nani ndani ya nyumba hii hajalijua? Baba yake alinipiga miaka tisa, bila kamera, bila gauni la njano. Alinivunjia taya kwenye ile meza mliyowekea televisheni. Na wewe ulikuwa chumba cha nyuma, bondia mzima. Ulikuwa unasikia. Asubuhi unaniambia, dada, pole, utakunywa chai? Leo ndiyo unajua kofi la kweli?"

Ndani, majirani walikuwa wameanza kuuimba wimbo. Gunia aliingia chumbani kwake, akakaa kitandani na viatu miguuni mpaka wageni wote walipoondoka.

Alhamisi asubuhi alitangulia. Mahali pa kurekodia palikuwa ghala la samani lililohamwa, sakafu ya saruji, taa tano juu ya miguu ya chuma. Zamu hii kuta zilikuwa zimepakwa nyekundu. Gunia alielewa maana ya nyekundu bila Daktari: ndani ya chumba chekundu damu haionekani.

Kipanga alimwona, akafungua mikono.

"Mwalimu wangu! Jamani, huyu ndiye aliyenifundisha kazi. Mjomba wa mtoto, na hukuniambia!"

"Unampiga kweli," Gunia alisema.

"Si ulivyonifundisha? Nilikuwa kijana, mkono unatetemeka, nakupiga kama nakupapasa. Ukaniambia, piga, mdogo wangu, ya uongo inanuka. Neno hilo ndilo lililonizaa kisanii. Umesahau?"

Hakuwa amesahau. Miaka tisa nyuma, nyuma ya ukumbi mmoja wa harusi, Kipanga alikuwa mwembamba kama ufagio. Alipompiga kweli mara ya kwanza alilia. Mara ya pili aliomba radhi. Mara ya tatu alicheka, na Gunia, damu kwenye meno, alicheka naye, kwa sababu aliyejulikana kuwa hupigwa kweli aliitwa tena wiki iliyofuata.

Kidoti akatoka nyuma ya pazia na gauni la njano. Mkanda wenye bizimu la chuma ulikuwa umetundikwa kwenye mgongo wa kiti. Alipomwona mjomba wake alikunja uso.

"Mjomba, nakuomba. Usinitie aibu."

"Sikutii aibu." Akamgeukia muongozaji. "Kabla ya mkanda, weka mtu anayekuja kumzuia. Ndugu yake. Kipanga anampiga ngumi moja, anaanguka, ndipo anamgeukia mwanamke. Picha itakuwa na uzito."

Muongozaji alimtazama, akatabasamu. "Mjomba wa kweli. Mpiga picha, nipe kamera ubavuni. Ngumi ya uongo au ya kweli?"

"Ya kweli. Mkono wa kulia. Yote."

"Una uhakika, mwalimu?" Kipanga aliuliza, na tayari alikuwa anakunja mkono wa shati.

Muziki ukawashwa. Gunia alisimama kwenye alama ya chaki, mikono chini. Alimwona Kipanga akivuta bega nyuma, akazungusha nyonga vizuri, kama alivyofunzwa. Ngumi ilikuwa inakuja moja kwa moja kwenye pua. Gunia hakukwepa. Alishusha kidevu kiasi cha upana wa vidole viwili.

Paji la uso, pale nywele zinapoanzia, ni mfupa mnene kuliko mwingine wowote usoni. Vidole ni vijiti. Mlio ulikuwa wa tawi kavu. Gunia aliona weupe mtupu, ghala lote likawa kama karatasi, lakini hakuanguka.

"Safi, lakini hakuanguka!" muongozaji alipiga kelele. "Tena!"

Kipanga alikuwa anauangalia mkono wake kwa mshangao, hajajua bado.

"Tena," Gunia alimwambia taratibu. "Piga, mdogo wangu. Ya uongo inanuka."

Pengine ilikuwa hasira, pengine kamera. Kipanga alipiga tena kwa nguvu zote, na Gunia akakipeleka kichwa mbele kuipokea. Safari hii kila mtu alisikia. Mfupa wa kidole kidogo ulitokeza kupitia ngozi. Kipanga alipiga magoti, akaushika mkono wake kwa mkono mwingine, na yowe lililomtoka halikuwa na sauti yoyote ya wimbo.

Walinzi wake wawili waliruka. Mmoja alimkata Gunia mtama, mwingine akachukua mguu wa chuma wa taa akamshushia mbavuni, mara moja, mara mbili. Gunia alijikunja kama alivyojua kujikunja, lakini hawa hawakuwa na alama ya chaki wala mtu wa kusema basi. Kiatu kilimpata mdomoni. Jino likaingia kooni, akalimeza. Taa moja ikaanguka na kupasuka. Mpiga picha, kwa mazoea tu, alikuwa bado anapiga.

"Mwacheni! Mwacheni!"

Hakuna aliyemwacha. Kidoti akanyakua mkanda kitini. Pigo la kwanza lilikuwa la woga. La pili lilizungusha bizimu la chuma, likampasua yule mwenye chuma juu ya jicho. Alipogeuka akampiga tena, na tena, gauni la njano likichanika kwapani, huku anatukana matusi ambayo mama yake asingejua amejifunzia wapi. Alipiga hata walipokwisha kurudi nyuma. Alipiga sakafu. Ndipo akaona kwamba mjomba wake anamtazama kwa jicho moja, lile lililobaki wazi, na anatikisa kichwa.

Katika hospitali ya karibu waliwekwa kwenye benchi la mbao. Gunia alikuwa ametapika mara mbili. Muuguzi alikuja na faili na kalamu.

"Nini kimempata mzee?"

"Nimeanguka," Gunia alisema, kama alivyosema miaka yote.

"Hakuanguka," Kidoti alisema. "Amepigwa. Kwa chuma, mbavu za kulia. Na kichwa kabla ya hapo."

"Sawa. Wewe ni nani wake?"

"Mpwa wake." Kwa muda ilionekana atamgeukia Gunia amwambie maneno aliyokuwa nayo tangu ghalani, kwamba amemkatia kazi, kwamba hakuna atakayemwita tena. Pengine alikuja kuyasema baadaye. Pale alisema, "Na mimi niandike."

"Una nini wewe?"

"Sikio la kushoto. Siku ishirini na tatu sasa. Halisikii."

"Liliingiwa na kitu? Uliugua?"

"Hapana. Makofi. Kumi na moja, siku moja."

"Ya nani?"

Kidoti akataja jina la mtu, lile la kwenye kitambulisho, si la jukwaani. Muuguzi aliandika nusu, kalamu ikasimama.

"Si ndiye huyu…"

"Ndiye."

Fundi alikuwa amefika, amesimama kwenye korido na nyuzi za bluu zimemganda mikononi, kiatu kimoja hakijafungwa. Muuguzi alimwangalia, akamwangalia binti, akashusha sauti. "Dada, nikiliandika hili linakwenda polisi. Unaelewa? Niandike?"

Kidoti alimtazama mama yake. Fundi akaishika taya yake kwa kiganja, mahali palipounga vibaya, na akaitikia kwa kichwa.

"Andika," Kidoti alisema.