Mbuzi wa Eedo Halima na Mgeni Mwenye Begi

Mimi ni mtangazaji wa redio hapa Garissa, na kazi yangu ni kuuliza maswali. Juzi nilimkuta kijana Mzungu sokoni, begi kubwa mgongoni, suruali imechanika. Kwa Kiswahili cha kuokoteza njiani aliniambia amevuka mabara matatu, analala popote, na kazi aliacha. Mara moja nikaona huyu ni mkimbizi.

Jioni nilimtangaza kwa sauti ya majonzi, na kama ilivyo desturi yetu mtu akiharibikiwa, watu wakachanga nguo na maziwa ya ngamia. Shangazi yangu, Eedo Halima, alimchinjia mbuzi wake wa pekee.

Tukiwa tunakula, Eedo akamgeukia mgeni, kwa Kiswahili chake chenye lafudhi ya Kisomali.

"Bole, mtoto. Kwenu kuna fita?"

"Hapana, mama."

"Njaa? Ama baba amekufa?"

"Baba ni mzima, yuko nyumbani. Mimi natembea tu, kuona dunia."

Eedo akanitazama mimi.

"Abdi, mtu ya redio! Hukuuliza anatembea kwa nini?"

Mdomo wangu ulikuwa umejaa ini la mbuzi wake.