Godoro Ndani ya Kisima

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo ningepewa tena ningeipitisha nikiwa nimeuziba mdomo kwa kiganja. Siku hiyo niliambiwa niseme neno mbele ya wazee, mahali ambapo kijana mwenye adabu hukataa. Angesema, "Wazee wangu, mshenga wangu yupo, yeye ndiye mdomo wangu," kisha akaendelea kuchora mchanga kwa kidole cha mguu. Mimi nilikubali. Tena nilisimama.

Ngoja nianze mbali kidogo, maana mzee hata akisimulia hutembea mwendo wake uleule.

Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi Malindi, kutunza nyumba ya Mwitaliano mstaafu tuliyemwita Bwana Renzo. Wenzangu wengi mjini walijifunza Kiitaliano kwa kuuza vinyago ufuoni. Mimi nilijifunza kwa kutazama sinema. Bwana Renzo, ujanani mwake, alikuwa mtu wa kuanguka. Ndiyo iliyokuwa kazi yake. Zamani hizo Waitaliano walitengeneza sinema za kaboi kwa wingi, zile za kofia pana na bastola kiunoni, na kila sinema ilihitaji watu wa kupigwa risasi wakaanguka kutoka kwenye paa, kwenye farasi, au dirishani. Yeye alianguka vizuri. Alikufa katika sinema nyingi hata akapoteza hesabu, na katika moja alikufa mara mbili: kwanza ana masharubu, halafu amenyolewa.

Hazikuwa zile sinema kubwa zinazojulikana dunia nzima. Zake zilikuwa za watu wasio na kitu, zikaonyeshwa juma moja kisha zikasahaulika. Alikuwa nazo kabati zima, kwenye kanda za video, nasi tulizitazama alasiri joto lilipotuzuia kufanya jingine. Alinifundisha kutazama mahali kabla ya kumtazama mtu. "Uone mwamba ule," angesema, "ule wenye pua." Mwamba wenye pua ulikuwa kwenye machimbo ya mawe karibu na Roma. Katika sinema moja uliitwa Texas, katika nyingine Meksiko, na katika ya tatu majambazi walitoroka Texas wakakimbilia Meksiko, wakaupita mwamba uleule kwenda na kurudi. Jangwa lilikuwa la Uhispania. Miji yenyewe ilikuwa mbao za mbele tu, nyuma zimeegemezwa kwa magogo. Ukifungua mlango wa benki unakutana na mbuzi.

Nilizipenda, na mpaka leo nazipenda. Nilipenda vumbi lake, miluzi yake, nyuso zake zilizokauka kama makuti, na subira ya watu wawili wanaotazamana muda wa kuivisha maharage kabla mmoja hajafyatua. Fedha peke yake haiwezi kutengeneza kitu kama kile. Sharti uwe huna hizo fedha.

Siku nilipompeleka Bwana Renzo Marafa, kijiji cha bara ya Malindi, akaliona lile korongo lenye kuta nyekundu na nyeupe na minara ya mchanga kama kanisa lililoyeyuka, alivua kofia. Alisimama ukingoni. Halafu akasema kwa huzuni, "Na sisi tulikuwa tunahangaika kwenda Uhispania!"

Lakini mimi, mwanangu, sikumpeleka Marafa kwa ajili ya korongo. Huko ndiko alikokaa Kadzo binti Charo. Nilikuwa natafuta sababu ya kupita kwao, na kumwonyesha mgeni korongo ilikuwa sababu nzuri kuliko kuuliza njia niliyoijua. Kadzo aliyajua yote hayo. Alikuwa akiniona tu anasema, "Karibu, mtalii," na kunipa kiti kibovu.

Baba yake, Mzee Charo, alikuwa na televisheni na jenereta, mali adimu pale kijijini, na kila Jumamosi watu walijaa uani kwake. Ili nimpendeze nilimpelekea kanda moja ya Bwana Renzo. Ilikuwa hadithi ya mchimba visima anayeingia mji uliokauka, akiwa na koleo na ndoo, na bastola ndani ya ndoo. Ndugu watatu wakatili wanawauzia watu maji. Yeye anachimba kisima peke yake, na kila ndugu anayekuja kumzuia anaishia humo. Watu wa Marafa wanaijua kiu. Waliipokea sinema ile kama habari ya jirani.

Mzee Charo ndiye aliyeipokea kupita wote. Aliipeleka hadi barazani. Vijana walipokuwa wazito kuchimba lambo la kijiji, la kukinga maji ya mvua, aliwaambia, "Kule Texas mtu alichimba peke yake huku anapigwa risasi. Ninyi nani anawapiga?" Wakaona haya, wakachukua majembe. Lambo likaanza.

Basi ikaja siku ya posa. Mshenga wangu alikuwa baba mdogo, Kazungu, mtu wa maneno laini. Tulibeba kibuyu cha mnazi, pombe ya kugema, kama ilivyo desturi: kinawekwa katikati, wazee wanazungumza, kisha binti anaitwa na kuulizwa, "Tuunywe?" Akisema unyweni, umepata mke. Akisema vingine, unakibeba kibuyu chako. Bwana Renzo naye alikuja, amevaa shati jeupe, akasalimia kila mtu shikamoo, hata watoto.

Mambo yalikwenda vizuri mno. Mzee Charo alifurahi hata akaamua kutuheshimu kwa kuwasha jenereta na kuweka ile kanda ya mchimba visima. Uani pakajaa, na vijana wa lambo wakaja na udongo miguuni. Ilipofika pale ndugu wa mwisho anapotumbukia kisimani kwa ukelele, Mzee Charo akanigeukia. "Mkwe," alisema, "wewe umesoma. Hebu tuambie neno juu ya Texas."

Baba mdogo alinifinya paja. Kadzo, aliyesimama mlangoni, alitikisa kichwa taratibu. Wahenga walisema heri kujikwaa guu kuliko kujikwaa ulimi. Nami nikainuka kujikwaa kwa hiari yangu.

"Mzee," nilisema, "pale si Texas. Ni Italia, machimbo ya mawe. Na yule aliyetumbukia ni huyu hapa, Bwana Renzo. Wala hakuna kisima! Shimo lilifika magotini, chini wameweka godoro."

Uani palilipuka kwa kicheko. Mzee Charo hakucheka. Alimtazama Bwana Renzo, akamwuliza polepole, "Ni kweli, mgeni wangu?"

Bwana Renzo alimtazama yule mzee, akawaona vijana waliokuwa wanasubiri jibu, akashika mgongo. "Kisima refu sana, Mzee," akasema kwa Kiswahili chake. "Mimi anguka asubuhi, fika chini jioni. Mpaka leo mgongo uma."

Watu walicheka tena, lakini kicheko hiki kilikuwa kizuri. Mzee Charo naye tabasamu lilianza kumjia. Mwanangu, mlango ulikuwa umefunguliwa tena, nikikaa tu, nimeoa.

"Hapana, Bwana Renzo!" nikasema. "Wewe mwenyewe uliniambia ni godoro! Tena lilikuwa na kunguni!"

Bwana Renzo akaushusha mkono kutoka mgongoni. Kisha kijana mmoja wa lambo akapaza sauti kutoka nyuma: "Mzee, kumbe! Basi kesho tuje na magodoro?"

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Mzee Charo akainuka, akaizima televisheni kwa mkono wake, akarudi kitini akiwa amepungua. Hakunikaripia. Alimwita Kadzo, akamwonyesha kibuyu, akamwuliza kama desturi inavyotaka, "Mwanangu, tuunywe?"

Kadzo alinitazama mimi, si baba yake. "Warudishe, baba," akasema. "Leo amekuanika wewe mbele ya watu, na wewe ndiye uliyemkaribisha. Kesho atanianika mimi."

"Lakini nilisema kweli!" nikamaka.

"Nani alikuwa na shida nayo?" akajibu, akaingia ndani.

Tulirudi kwa miguu hadi barabarani, mimi nimekumbatia kibuyu kilichojaa. Baba mdogo alifika mahali akakichukua, akasema mnazi hauna kosa, wakanywa yeye na Bwana Renzo. Baadaye Bwana Renzo aliniambia kwa lugha yao, bila hasira, "Mimi nimevunja mbavu miaka mingi ili watu wasilione lile godoro. Nilikuonyesha tunavyofanya ili uipende sinema zaidi. Wewe ukaibeba siri kama rungu."

Ndilo karipio pekee alilowahi kunipa. Ningemwelewa siku ile ningegeuka nikaombe radhi usiku uleule. Nilikwenda baada ya mwezi, nikidhani hasira hupoa kama uji. Mzee Charo alinipokea vyema, akanipa maji, akanizungumzia habari za mbuzi wake. Lambo alikuwa haliongelei. Vijana walikuwa wameliacha nusu, na mvua ilipokuja ililijaza nusu.

Nakuusia basi, mwanangu, wewe ambaye una simu mkononi. Mtu mzima akianza kusimulia, kidole chako kinakimbilia kutafuta wapi amekosea. Utapata, maana sote hukosea. Lakini kabla hujamtoa mtu katika hadithi yake, tazama kwanza ndani yake ameweka nini. Huenda ameweka heshima yake. Huenda ameweka maji ya kijiji. Kujua ni kuzuri. Jua mwamba wenye pua uko wapi, jua farasi alitoka zizi gani, kipende kitu hata kwa mishono yake. Ila ujuzi ni kama chumvi, haumiminwi chunguni na mtu asiyeombwa kuonja. Na ukiombwa, onja kidogo kwanza. Ukiteleza, na mtu akakunyooshea mkono kukuokoa, ushike mkono huo, usiusahihishe.

Mungu akupe macho ya kuona na kifua cha kuhifadhi. Akupe wazee wa kukusimulia na subira ya kuwasikiliza hadi mwisho. Nyumba yako isikose anayecheka ndani yake.

Yangu imekosa. Kadzo aliolewa Kuruwitu, ana wajukuu, na tukikutana sokoni hunisalimia kwa wema. Mimi sikuoa. Kwa kauli mbili za kweli nilimpoteza mwanamke pekee niliyewahi kumtaka, na mpaka leo nakula peke yangu.