Ubao wa Omari

Bado siwezi kuandika neno "marehemu" mbele ya jina lake. Tangu asubuhi naliandika, nalifuta. Omari, fundi simu wa Kismayo, tumemzika jana baada ya Alasiri. Homa ya siku nne, basi.

Mnaonifuata hapa mnamjua kwa ugomvi wetu. Alipoanza kuzunguka visiwani akipima kwa app ya simu miguu ya watoto waliozaliwa nayo imepinda, niliandika: "Tumeomba daktari, tumeletewa kamera!"

Akajibu papo hapo, mbele yenu nyote: "Kaka, una haki. Sasa njoo unishikie mtoto."

Nikaenda ili nimuumbue. Nikarudi nimembebea mzigo.

Vipimo vyake vya kwanza vilikuwa kichekesho. Aliwasimamisha watoto mchangani, na daktari aliyepokea picha kule Mombasa akampigia: "Omari, umenipimia mguu au ufuo?" Akaenda kwa fundi wa mashua, akarandiwa ubao ulionyooka kabisa. Tangu siku hiyo hakupima bila ubao.

Bibi mmoja wa kisiwa cha Chovae alimfokea alipotaka kumsimamisha mjukuu wake ubaoni: "Huyu ni mchu, mtu kama wewe, si mbao!" Omari akavua viatu, akapanda ubaoni mwenyewe, akampa simu. "Nipime mimi kwanza, bibi." Bibi alicheka mpaka akashika mlango.

Mjukuu huyo ni Mwanaesha, miaka mitatu. Plasta ngumu za hospitali zilimnyoosha mguu, na sasa hulala amevaa viatu vilivyoungwa kwa chuma. Lakini kipimo cha mwisho kilionyesha mguu umeanza kurudi ndani. Jumamosi hii ukionekana umezidi kupinda, lazima arudishwe kwenye plasta haraka, kabla haujakaza.

Ndilo alilolisema Omari kitandani: "Jumamosi, Mwanaesha. Usisahau ubao."

Nikabisha, hata pale. "Mimi si mpimaji, Omari."

"Wala mimi sikuwa."

Bado nasema tunastahili daktari. Nimelisema miaka na miaka, nimechoka, na nitalisema tena. Lakini Mwanaesha hawezi kusimama juu ya makala zangu.

Mkeo amenikabidhi simu yako, kaka Omari. Jumamosi nakwenda Chovae. Nitapiga picha tatu kama ulivyonionyesha, na daktari akinifokea, nitanyamaza, nipime tena.

Mola akupokee. Lala, Omari. Ubao ninao mimi.